Ukavu wa Uke Baada ya Kukoma Hedhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanawake wengi huvumilia tatizo hili miaka mingi bila kumwambia mtu, wengine wakiamini ni uzee tu, wengine wakidhani ni uchafu unaohitaji kuoshwa zaidi. Si hivyo. Ni upungufu wa homoni katika sehemu moja ya mwili, na una tiba inayofanya kazi.

Ukavu huu unatokana na nini hasa?

Unatokana na kushuka kwa estrojeni. Kuta za uke, mlango wake, mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu zote hutegemea homoni hii. Ikiwepo ya kutosha, ngozi ya ndani huwa nene, ina mikunjo mikunjo inayotanuka, na damu hupita vizuri. Ikishuka, ngozi hiyo hunyauka: inakuwa nyembamba, mikunjo inapotea, rangi inafifia, na ikisuguliwa kidogo inachubuka.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi. Seli za uke zenye afya huhifadhi aina ya sukari, na bakteria wema wanaoishi humo huila na kutoa asidi. Ndiyo maana uke wa mwanamke anayepata hedhi una pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) ya kati ya 3.8 na 4.5, uchachu unaozuia vijidudu. Estrojeni ikipungua, sukari hiyo hupungua, bakteria wema hukosa chakula, pH hupanda kupita 5, na bakteria wa haja kubwa hupata makazi karibu na njia ya mkojo. Kwa hiyo ukavu na UTI za mara kwa mara mara nyingi ni mzizi mmoja. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 wataalamu wa kimataifa waliacha kusema tu "kusinyaa kwa uke" na kuanza kulitaja tatizo kama dalili za kukoma hedhi za uke na njia ya mkojo kwa pamoja.

Hali hiyohiyo humpata mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili (kwake huja ghafla), anayetibiwa saratani kwa mionzi ya nyonga au dawa za kuzuia estrojeni, na hata mama anayenyonyesha, ingawa huyu hurudi sawa mwenyewe.

Nisubiri, litapita lenyewe?

Hapana. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu huongezeka. Ukianza tiba mapema, ngozi hurudi haraka zaidi.

Nitajuaje ni ukavu na si fangasi au UTI?

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mama wa miaka 58 anakwenda duka la dawa, anasema "nawashwa", anapewa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Anapata nafuu siku mbili kwa sababu dawa ina ulaini wake, kisha hali inarudi. Anarudi dukani. Mwezi unaofuata ni antibayotiki. Mwaka unaisha.

Angalia haya:

- Fangasi huwasha sana na kutoa uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Baada ya hedhi kukoma, fangasi hupungua kwa mwanamke asiyetumia homoni, kwani nao hupenda mazingira yenye estrojeni. Wakikurudia mara kwa mara katika umri huu, pima kwanza sukari.
- Ukavu huchoma zaidi ya kuwasha. Huhisi kama ngozi imekwaruzwa. Kukaa muda mrefu au kuvaa suruali ya kubana kunaumiza, na karatasi ya chooni inaweza kuonyesha doa la damu.
- Ukikojoa, jiulize maumivu yako wapi. Yakiwa ndani, yakiambatana na kwenda haja ndogo kila dakika na mkojo mchafu au wenye harufu kali, fikiria UTI. Mkojo ukichoma pale tu unapogusa ngozi ya nje, huenda ni ngozi iliyochubuka.
- Harufu kama ya samaki, au uchafu wa kijani au njano wenye povu, ni maambukizi na yanahitaji vipimo.
- Mabaka meupe yanayong'aa kwenye mashavu ya uke, yakiwasha hasa usiku, yanaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi. Huu hautibiwi na estrojeni. Unahitaji steroidi kali ya kupaka, kwa maelekezo ya daktari, na kufuatiliwa, kwa kuwa usipotibiwa huweza kugeuka saratani kwa wachache.

Muuguzi au daktari akitazama kwa macho yake mwenyewe, dakika tano zinatosha kutofautisha mengi ya haya. Ukipewa dawa mara tatu bila mtu kukuangalia, omba uangaliwe.

Naosha vizuri kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, mbona hali inazidi?

Kwa sababu ya hayo hayo. Sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10. Inaondoa mafuta ya asili kwenye ngozi ambayo tayari ni nyembamba na kufukuza bakteria wema waliobaki. Dawa za kuua vijidudu zinaunguza kabisa. Nje osha kwa maji ya uvuguvugu kwa kiganja, si kwa dodoki. Ndani usioshe kwa chochote, hata maji matupu. Uke hujisafisha wenyewe.

Acha pia pedi za kila siku zenye manukato, karatasi zenye marashi na sabuni ya unga kwenye chupi. Suuza chupi mara mbili. Chupi za pamba, na usiku lala bila chupi ukiweza.

Je, shabu, limau, majani, au kujifukiza?

Tunasema wazi: hapana. Shabu hukaza ngozi kwa kuikausha. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni kama kuweka chumvi kwenye kidonda. Limau ni asidi kali isiyorudisha ule uchachu wa asili, bali inaunguza. Majani na unga huacha punje zinazokwaruza. Kujifukiza udi kwenye nguo na nywele ni mila nzuri ya pwani, lakini moshi au mvuke wa moto kuelekezwa ukeni umewaunguza wanawake.

Kuna tofauti gani kati ya jeli ya tendo la ndoa na kilainishi cha kila siku?

Jeli hutumika wakati wa tendo tu, kupunguza msuguano, kisha kazi yake imekwisha. Kilainishi cha kudumu hushika maji ndani ya ngozi. Hupakwa kila baada ya siku 2 au 3, iwe unafanya tendo au la. Vingi vina asidi ya hayaluroniki au polikabofili. Wanawake wengi hununua jeli, wanaipaka mara moja kwa wiki, kisha wanasema haikusaidia. Mwenye dalili za wastani huhitaji vyote viwili.

Jeli ipi ni salama?

Soma viambato. Jeli nyingi za bei nafuu zina gliserini au propilini glaikoli kwa wingi, na hizo hufyonza maji kutoka kwenye seli: dakika kumi unateleza, kesho unachoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2012: jeli ya ukeni iwe na pH ya karibu 4.5, na kipimo kiitwacho osmolaliti (jinsi jeli inavyovuta maji) kisichozidi 1200, bora chini ya 380. Namba hiyo wakati mwingine iko kwenye boksi au tovuti ya mtengenezaji. Isipokuwepo, epuka yenye gliserini mwanzoni mwa orodha, yenye klorheksidini, na zote za "kupasha joto", "ubaridi" au ladha.

Jeli ya maji ni rahisi kuosha na ni salama kwa kondomu, ila hukauka katikati. Ongeza tone la maji badala ya kumimina jeli nyingine. Ya silikoni hudumu zaidi, inafaa kondomu, na huwafaa wengi ambao ya maji inawachoma.

Kabla ya kuitumia ndani, paka tone mlangoni mwa uke na usubiri siku nzima. Ikichoma, usiendelee.

Mafuta ya nazi je?

Mafuta ya nazi safi, yasiyo na manukato, yanaweza kulainisha ngozi ya nje na hata kusaidia tendo, kwa mwanamke asiyetumia kondomu. Lakini mafuta yoyote, ya nazi, ya mtoto au vaselini, huharibu kondomu za mpira wa kawaida kwa dakika chache tu. Inapasuka bila wewe kujua. Vaselini pia hukaa ndani muda mrefu na kubeba vijidudu. Iache ibaki nje. Na kumbuka mafuta hulainisha tu, hayarudishi unene wa ngozi.

Hedhi imekoma, kondomu ya nini?

Mimba haiji tena ukishakaa miezi 12 bila hedhi kama una zaidi ya miaka 50, au miezi 24 kama una chini ya hapo. Maambukizi yanakuja. Ngozi iliyochubuka ni mlango wazi kwa virusi vya UKIMWI, na mama wa miaka 60 anayeolewa upya au mwenye mume mwenye wake wengine ana haki ileile ya kupima na kujikinga kama binti wa miaka 25.

Estrojeni ya kuweka ukeni ni nini, na inatumikaje?

Hii ndiyo tiba inayogusa chanzo. Ni dozi ndogo sana inayowekwa pale inapohitajika. Aina zinazopatikana zaidi:

- Krimu ya estrioli (miligramu 1 kwa gramu): gramu 0.5 kila usiku kwa wiki 2 hadi 3, kisha mara 2 kwa wiki.
- Kidonge cha estradioli cha ukeni, mikrogramu 10: kimoja kila usiku kwa wiki 2, kisha 2 kwa wiki.
- Pete laini ya estradioli inayokaa ndani siku 90 kisha kubadilishwa. Huku kwetu ni adimu.

Namna ya kuweka krimu: nawa mikono. Lala chali, magoti yamekunjwa, au simama mguu mmoja ukiwa juu ya kiti. Jaza bomba la kuwekea hadi alama ya dozi yako na si zaidi. Alama ya juu kabisa ya mabomba mengi ni dozi kubwa kuliko uliyoandikiwa. Ingiza sentimita 3 hadi 4 tu, kwani sehemu inayoumia zaidi ni theluthi ya nje. Kisha chukua kiasi cha punje ya njegere kwa kidole na upake mlangoni, hasa upande wa chini na kuzunguka tundu la mkojo. Bomba likiuma, liache kabisa. Kidole safi chenye kucha fupi kinafanya kazi hiyohiyo. Osha bomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukitenganisha sehemu zake mbili. Usilichemshe.

Weka usiku unapolala ili isitiririke. Asubuhi unaweza kuona utoko mweupe. Ni mabaki ya krimu. Wanaofunga Ramadhani hawana haja ya kusitisha: waiweke usiku wakati wa kulala.

Nimeitumia wiki moja, inachoma na sioni mabadiliko.

Kuchoma siku za kwanza ni kawaida, kwani ngozi ni nyembamba mno. Jaribu kuweka nusu ya kiasi kwa siku kadhaa, au badili kutoka krimu kwenda kidonge. Wengine husumbuliwa na viambato vya krimu wala si homoni. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, na matokeo kamili huchukua hadi wiki 12. Makosa tunayoyaona zaidi ni matatu: kuacha baada ya wiki mbili za mwanzo bila kuendelea na dozi ya mara mbili kwa wiki, kuisukuma ndani sana huku mlango ukibaki mkavu, na kuitumia kama jeli ya tendo. Si jeli, na mwanamume hahitaji homoni hiyo. Iweke usiku ambao hamkutani, au baada.

Na ukiacha, ukavu hurudi. Ni tiba ya muda mrefu, kama dawa ya presha.

Homoni si zinaleta saratani?

Hofu hii ilikua mwaka 2002, baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative kuonyesha hatari kwa wanawake waliomeza vidonge vya estrojeni pamoja na projestini. Vidonge hivyo vilizunguka mwili mzima. Dozi ndogo ya ukeni ni jambo jingine. Piga hesabu: vidonge vya mikrogramu 10 kwa mwaka wa kwanza mzima vinafika miligramu 1.14, kiasi kinachokaribia kidonge kimoja tu cha kumeza cha siku moja. Wanawake wa mradi huohuo waliotumia estrojeni ya ukeni walipofuatiliwa, matokeo yaliyotolewa 2018 hayakuonyesha ongezeko la saratani ya matiti, ya mji wa mimba, wala kiharusi. Kwa dozi hii ndogo projesteroni, homoni ya kulinda ukuta wa mji wa mimba, haihitajiki.

Karatasi ndani ya boksi bado mara nyingi hubeba maonyo ya vidonge vya kumeza. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa. Ukiisoma karatasi hiyo na kuogopa, zungumza na daktari kabla ya kutupa dawa.

Nimetibiwa saratani ya matiti. Nifanye nini?

Anza na visivyo na homoni: kilainishi cha kila siku 2 au 3 na jeli nzuri. Visipotosha, estrojeni ya ukeni inaweza kufikiriwa, lakini uamuzi ufanywe pamoja na daktari wako wa saratani. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa anayetumia vizuia aromatasi kama anastrozoli au letrozoli, kwa kuwa dawa hizo hufanya kazi kwa kushusha estrojeni hadi karibu na sifuri.

UTI inanirudia kila mara. Kuna uhusiano?

Mkubwa. Ikifika mara 2 katika miezi 6 au mara 3 katika mwaka, na hedhi imekoma, ulizia estrojeni ya ukeni. Imethibitika kupunguza kurudi kwa UTI kwa sababu inarudisha uchachu na bakteria wema. Ile ya kumeza haifanyi hivyo. Kabla ya antibayotiki nyingine, omba mkojo uoteshwe maabara kuona kama kweli una bakteria. Kijiti cha kupimia mkojo pekee huwapa wanawake wengi wa umri huu jibu la "una UTI" hali hawana, na kila dozi isiyo ya lazima inazidisha usugu wa dawa.

Nimeona damu kidogo, miaka mitatu baada ya hedhi kukoma. Ni ukavu tu?

Huenda, lakini usijipe jibu hilo mwenyewe. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi, hata doa, hata mara moja, ni ya kuchunguzwa: mlango wa kizazi uangaliwe na ukuta wa mji wa mimba upimwe kwa ultrasaundi. Usianze estrojeni kabla ya hapo. Usisubiri irudi.

Kipimo cha mlango wa kizazi kinaniuma mno, niache?

Usiache, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi wa Afrika Mashariki kuliko saratani nyingine. Mwambie mhudumu mapema, mwombe atumie kifaa kidogo na akilainishe. Wiki chache za estrojeni kabla ya kipimo husaidia sana. Jua pia kwamba kupima kwa siki (kuipaka kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa macho) hakufai vizuri baada ya hedhi kukoma, kwani eneo linalotakiwa kuonekana hurudi ndani. Kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, kinafaa zaidi, na sampuli yake unaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chembamba chenye pamba.

Mume wangu anadhani simtaki. Nimweleze vipi?

Mweleze kama ugonjwa wa ngozi, kwa maneno ya kawaida: "Ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, inachanika, natumia dawa, itachukua miezi miwili mitatu." Wanaume wengi hawajawahi kuambiwa. Katika muda huo, kuingiliana kusilazimishwe. Maumivu yakirudiwa, misuli ya nyonga hujifunza kujikaza kabla hata hujaguswa, na hapo ngozi ikipona, maumivu hubaki. Mazoezi ya kubana misuli hayamfai mwenye misuli iliyokwisha kujikaza. Anahitaji kujifunza kuilegeza, kwa pumzi ndefu za tumbo na msaada wa mtaalamu wa viungo. Mkirudi, anzeni taratibu, mchezo uwe mrefu, jeli kwa wote wawili, na wewe ndiye uwe juu ili uongoze kasi na kina.

Kuna kliniki inauza matibabu ya leza. Nilipe?

Hatushauri. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya mashine hizi baada ya taarifa za kuungua na makovu, na jaribio la Australia lililochapishwa 2021 halikuona leza ikishinda tiba ya kuigiza (mashine kupitishwa bila nguvu ya kutibu). Fedha hizo zinanunua krimu ya miaka mingi.

Nitaipata wapi dawa?

Duka dogo la mtaani mara nyingi halina. Ulizia famasia kubwa za mjini au ya hospitali ya rufaa. Taja jina la dawa yenyewe, estrioli au estradioli ya ukeni, kwani majina ya kampuni hubadilika. Walioko Uingereza wenye miaka 50 na zaidi wanaweza, tangu Septemba 2022, kununua kidonge cha ukeni cha mikrogramu 10 famasia bila cheti cha daktari. Angalia joto la kuhifadhia lililoandikwa kwenye boksi: chumba chenye bati huko Dar es Salaam au Mombasa hupita nyuzi 30 kwa urahisi, kwa hiyo dawa isikae dirishani wala kwenye gari.

Naona haya kumwambia daktari, hasa akiwa kijana wa kiume.

Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, au uhudumiwe na mwanamke. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi na umpe: hedhi yako ilikoma lini, unachoma wapi, mkojo ukoje, umeona damu au la, umetumia dawa gani na mara ngapi, una presha, kisukari au historia ya saratani. Malizia kwa sentensi moja: "Naomba uniangalie, na uniambie kama estrojeni ya ukeni inanifaa."